Hata Kama ni Kiazi Kimoja

Haya ndiyo niliyosema Houston jioni ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Wengi wenu mlikuwa zamu ya usiku, mkaniomba niyaweke yote mahali pamoja. Nimeyaacha kama yalivyosemwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, ndugu zangu mliotoka Mombasa, Tanga, Bukavu na Bujumbura, nawasalimu. Nanyi watoto mliokaa hapa mbele mkekani, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, sasa nimesikia.

Nimeombwa nizungumze juu ya ushairi, na wengi wenu mlitarajia nianze na Lamu kwa kuwa ndiko nilikotoka. Leo naanza na jirani zetu wa hapa. Ni watu ambao mimi, dereva wa lori, napita mlangoni kwao kila wiki, na kwa miaka mingi nilipita bila hata kutoa salamu.

Mnaijua barabara ya I-10. Ukitoka hapa kwenda mashariki unapita Beaumont, unavuka mto Sabine, na hapo umeshaingia Louisiana. Baada ya Lake Charles yanaanza mashamba ya mpunga, kulia na kushoto, maji yametuama yanang'aa. Mara ya kwanza nilipunguza mwendo nikayatazama kama mtu aliyeona ndugu yake sokoni. Mpunga! Na mashamba hayo hayo, mpunga ukishavunwa, hufugwa kamba wa maji baridi. Kilomita kama 350 kutoka tulipo, unafika Lafayette. Huko ndiko kwa Wacajun.

Jumamosi moja asubuhi, karibu na Lafayette, nilifungua redio nikasikia kodiani inalia. Juu ya kodiani mtu anaimba kwa sauti ya juu, kama analia na kucheka pamoja. Nilidhani ni Kifaransa, kisha nikaona si kile Kifaransa ninachokisikia kwa ndugu zetu wa Kongo. Mtangazaji naye akasoma matangazo ya duka la samani kwa lugha hiyo hiyo. Matangazo yalikuwa yanatoka moja kwa moja katika baa ya Fred's, mji mdogo unaoitwa Mamou, ambako kila Jumamosi asubuhi watu hukusanyika kupiga muziki na kucheza. Sikujua hayo siku ile. Nilijua kitu kimoja tu: hapa Marekani, ndani ya mashamba ya mpunga, kuna watu wana lugha yao na bado wanaiimba.

Ni nani hawa? Nitasema kwa ufupi. Mababu zao walikuwa wakulima waliotoka Ufaransa wakakaa Acadie, ambayo leo ni Nova Scotia ya Kanada. Waingereza walipoitawala nchi, waliwataka waape utii bila masharti, nao wakasita. Tarehe 5 Septemba 1755, katika kijiji cha Grand-Pré, wanaume na wavulana 418 waliitwa kanisani. Milango ikafungwa. Wakasomewa amri kwamba ardhi yao na mifugo yao ni mali ya mfalme, na wao wenyewe watapakiwa melini. Kati ya mwaka huo na 1763 zaidi ya watu 10,000 waling'olewa hivyo. Familia ziligawanywa, vijiji vikachomwa moto. Mwaka 1765 mtu aliyeitwa Joseph Broussard, kwa jina la utani Beausoleil, aliwafikisha kama watu 200 Louisiana. Neno Acadien likakatwa midomoni likawa 'Cadien, na midomo ya Kiingereza ikalifanya Cajun.

Shairi lililowatangaza duniani lilitungwa mwaka 1847 na Longfellow, mtu wa Massachusetts, juu ya msichana Evangeline aliyetenganishwa na mchumba wake. Longfellow hakuwahi kukanyaga Louisiana. Hata hivyo ukienda mji wa St. Martinville utaonyeshwa mwaloni wa Evangeline, na watu wanapiga picha chini yake. Mimi shairi lile sina ugomvi nalo. Lakini najiuliza: wenye msiba walikuwa wapi walipotungiwa msiba wao? Walikuwa hawatungi?

Walikuwa wanatunga. Tena sana. Ila walikuwa wanatunga kwa miguu, kwa kodiani na kwa njaa.

Wazee wangu, hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo sehemu iliyonifanya nisimame mbele yenu.

Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresma huitwa Mardi Gras. Wengi mnaijua ile ya New Orleans, ya magari yaliyopambwa na shanga zinazorushwa. Ya mashamba ni nyingine kabisa. Wanaiita kwenda mbio, mbio za Mardi Gras. Mwaka mmoja nilipata mzigo wa kushusha Jumatatu, nikaomba ruhusa ya siku moja, nikalala ndani ya lori karibu na Eunice. Asubuhi baridi ilikuwa inauma. Nikasimama kando ya barabara ya vumbi na familia moja iliyonikaribisha kahawa.

Kwanza alikuja kapteni. Yuko juu ya farasi, uso wazi, bendera nyeupe mkononi. Siku hiyo kapteni hanywi pombe, wengine wanaweza. Nyuma yake, mbali kidogo, kundi zima limesimama linangoja. Kapteni akasogea mpaka kwa mwenye nyumba, akamuuliza kwa heshima: unawapokea Mardi Gras? Bila ruhusa hiyo hakuna anayekanyaga uani. Mzee mwenye nyumba akakubali. Kapteni akainua bendera.

Ndugu zangu, walikuja kama mafuriko! Nguo zao zimeshonwa kwa vipande vya vitambaa vya kila rangi, pindo zinaning'inia. Kichwani wana kofia ndefu zilizochongoka. Usoni wamevaa vinyago vya wavu wa waya, ule wavu wa kuzuia mbu dirishani, umepakwa rangi ukawekewa pua na nyusi. Mtu anakuona, wewe humwoni. Mmoja alinijia karibu kabisa, nikaona pumzi yake inatoka kwenye matundu ya waya kama moshi. Akapiga goti matopeni. Akaninyooshea kiganja, na kwa kidole cha mkono mwingine akakigonga katikati. Anaomba senti tano. Anaomba kwa Kifaransa: cinq sous, cinq sous. Nikampa dola, akaibusu, akakimbia.

Kisha wakaimba. Wimbo wao wa Mardi Gras ni wa zamani sana, na sauti yake ni ya huzuni, hata unashangaa sherehe gani hii inaimbwa hivi. Maneno yake ni maneno ya kuombea. Tumetoka mbali, tunakuja mara moja kwa mwaka, tunaomba sadaka, hata kama ni kiazi kimoja. Na mwisho wake ni mwaliko: nyote mnakaribishwa jioni kula gumbo. Mmesikia? Mwenye nyumba anaombwa kuku, kisha anaalikwa kumla kuku wake pamoja na wote.

Yule mzee akaleta kuku akiwa hai, akamrusha hewani. Watu wazima, wengine ni mafundi bomba na walimu, wakamkimbiza kuku kwenye matope, wakaanguka, wakaruka seng'enge. Watoto wa nyumba ile walikuwa wanapiga kelele za furaha, na wimbo walikuwa wanaujua wote. Jioni zikapikwa sufuria kubwa, na aliyetoa kitunguu na aliyetoa kuku wakala sahani moja ya mchuzi na wali.

Nilirudi kwenye lori nikakaa kimya. Nikamkumbuka babu yangu.

Babu alikuwa mkulima wa Kibajuni. Wabajuni wenzangu mtanisahihisha nikikosea. Watu wakishafyeka msitu na miti ikakauka, usiku wa kuamkia siku ya kuchoma shamba huwa hawalali. Wanakesha wakiimba vave. Vave ni beti, ni tungo zenye mafumbo na kanuni zake, zinapokewa usiku kucha, na kukipambazuka moto unawashwa. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyeniambia kwamba lile ni shairi. Niliambiwa ni kazi ya shamba. Kumbe ndiyo siri yenyewe! Lile shairi lilikuwa na kazi. Bila vave shamba halichomwi. Bila wimbo wa Mardi Gras kuku hatoki, na kuku asipotoka jioni hakuna chakula.

Basi nikaanza kujiuliza swali, na leo nawauliza nyinyi. Kiswahili cha watoto wetu hapa Houston kina kazi gani? Narudia. Kina kazi gani? Tukiwafundisha beti ili wazisome mara moja kwa mwaka mbele yetu tupige makofi, hiyo ni kazi? Mtoto ana akili. Anajua jembe la kulimia na jembe la kutundika ukutani.

Sasa niwaambie jinsi lugha ile ya Wacajun ilivyokaribia kufa, maana haikuwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1916 Louisiana iliwalazimu watoto wote kwenda shule, na katiba ya jimbo ya mwaka 1921 ikasema shule ni Kiingereza peke yake. Watoto waliokuja na Kifaransa cha nyumbani waliadhibiwa. Wengine walipigishwa magoti juu ya punje za mahindi. Wengine waliandikishwa sentensi moja mara mia, mara elfu: Sitasema Kifaransa katika uwanja wa shule. Sitasema Kifaransa katika uwanja wa shule. Na kuna habari ambayo wazee wa kule wanaisimulia mpaka leo, ya watoto wa darasa la kwanza waliojikojolea kwenye dawati kwa sababu hawakujua kuomba ruhusa kwa Kiingereza. Watoto wale walipokuwa wazazi, unafikiri walifundisha watoto wao lugha gani?

Wakenya mlioko humu mnatikisa kichwa. Mnajua nitakachosema. Shuleni kwetu tulikuwa na diski: kipande cha mbao kilichotobolewa kikatiwa kamba. Ukinaswa unasema lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, na huvuliwi mpaka umnase mwenzako. Atakayekuwa nayo jioni, fimbo zake. Mimi niliivaa. Mbao ile ilikuwa nyeusi kwa jasho la shingo za watoto. Nikamvizia binamu yangu nyuma ya jiko la shule mpaka aliponiuliza, kwa Kitikuu chetu, Kiswahili cha Wabajuni, kama nimekula. Nikamvisha. Kosa lake lilikuwa kuniuliza kama nimekula. Binamu yangu ameshatangulia mbele ya haki, na mimi neno hilo sijawahi kumwomba msamaha.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini nililia niliposoma walichofanya wale Wacajun na sentensi yao.

Mwaka 1978 vijana kutoka Louisiana walikwenda Quebec kwenye mkutano wa watu wenye asili ya Kifaransa wa Amerika Kaskazini. Huko waliona watu wanaandika kwa lugha ile ile ambayo kwao iliitwa ya wajinga. Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, kikachapishwa Montreal kitabu kidogo cha mashairi ya Louisiana, Cris sur le bayou, yaani vilio juu ya kijito. Ndani yake kuna shairi la mtu aliyejiita Jean Arceneaux. Jina lake halisi ni Barry Jean Ancelet, msomi wa mapokeo ya watu wake. Alichukua sentensi ya adhabu, ile ile, akaiandika tena na tena mwanzoni mwa shairi, kama mtoto anayeandika mara elfu. Kisha Kifaransa kinapenya katikati, kinakatizwa, lugha mbili zinagongana kinywani mwa mtu mmoja mpaka hujui ni ipi inayozungumza. Ile diski yake aliivua shingoni akaifanya ngoma! Waliomwadhibu walimpa kiitikio cha shairi bila kujua.

Shairi hili lilikuwa na kazi gani? Lilisema hadharani jambo ambalo wazazi wake waliliona aibu kulisema mezani.

Lakini nisiwape sura ya pepo. Nchi ile ina kidonda kingine, na muziki wenyewe unakibeba.

Mpiga kodiani ambaye wote wanamtaja kwanza hakuwa Mcajun mweupe. Alikuwa Amédé Ardoin, Mkreoli, yaani mweusi wa Louisiana anayesema Kifaransa, mtu mdogo wa umbo mwenye sauti ya kupanda juu. Mwenzake wa fidla alikuwa Dennis McGee, mweupe, na wote wawili walikuwa wakulima wa kugawana mazao na mwenye shamba. Desemba 1929 walirekodi pamoja New Orleans. Ardoin aliacha nyimbo 34 tu kwenye santuri, na leo hakuna mpiga kodiani wa Cajun asiyepita katika nyimbo hizo. Tena alikuwa malenga kamili: anatazama watu waliopo mbele yake na kuwatungia maneno papo hapo.

Usiku mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa anapiga kwenye dansi la weupe karibu na Eunice. Kama wanavyosimulia huko, jasho lilimtiririka usoni, na mwanamke mweupe akampa leso yake ajifute. Leso tu. Dansi lilipokwisha wanaume wakamfuata, wakampiga, na gari likampita juu. Hakurudi kuwa mtu yule tena. Alifariki tarehe 3 Novemba 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili Pineville, akazikwa mahali pasipo alama. Kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Miaka mingi baadaye mshairi Darrell Bourque, Mcajun aliyewahi kuwa malenga wa jimbo la Louisiana, alimwandikia Ardoin kitabu kizima cha mashairi. Hakuishia kwenye karatasi. Akaongoza harambee mpaka mwaka 2018 sanamu ya Ardoin ikasimamishwa Opelousas. Familia yake haikuwa na mahali pa kwenda kusimama, sasa ipo. Nimekwenda. Nimeegesha lori, nikamsomea Fatiha kama ninavyojua mimi, nikaondoka.

Nitapita haraka kwenye mambo mengine. Kulikuwa na Dewey Balfa, mpiga fidla wa karibu na Basile, ambaye maishani mwake aliwahi kuendesha basi la shule, kwa hiyo ni dereva mwenzangu. Mwaka 1964 alialikwa kwenye tamasha la muziki la Newport, jimbo la Rhode Island, na nyumbani wapo waliosema muziki ule utawaaibisha. Maelfu ya watu wakasimama kuwapigia makofi. Akarudi na neno moja: makofi haya nataka yasikike Louisiana. Tarehe 26 Machi 1974 yalisikika Lafayette, ukumbi ukajaa pomoni. Kabla ya hapo, mwaka 1968, jimbo lilikuwa limeunda baraza la kukuza Kifaransa, na leo kuna shule ambako watoto husoma hesabu na sayansi kwa Kifaransa. Mmoja wa walimu wa shule hizo, Kirby Jambon, ni mshairi. Mwaka 2014 Akademi ya Ufaransa kule Paris ilimpa tuzo. Lugha ya mtoto aliyepiga magoti kwenye mahindi!

Na kabla sijamaliza, jambo moja linalotuhusu moja kwa moja. Ile gumbo niliyoitaja, mchuzi wa Mardi Gras. Jina hilo limetoka wapi? Limetoka kwa Waafrika waliopelekwa utumwani. Katika lugha za Kibantu za Angola bamia huitwa kingombo. Sikilizeni vizuri: ki-ngombo. Ile ki ni ki yetu, ya kiti, ya kisu, ya Kiswahili. Baharini au shambani ki ikadondoka, likabaki gombo, na Kifaransa cha Louisiana mpaka leo kinaiita bamia hivyo. Mama mmoja wa Eunice alinipakulia sahani, nikamweleza habari hiyo ya ki. Akaweka mwiko chini. Akaniambia nirudie. Akalitamka polepole, kingombo, kingombo, kisha akaita wajukuu wake waje walisikie. Wakati mwingine lugha huteremka melini bila nguo, na bado jirani huitambua.

Haya. Mmenisikiliza vya kutosha, na watoto wameanza kusinzia. Nimeshazungumza na wazazi wa majengo haya matatu, na wamekubali.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, watoto hawa watapita nyumba kwa nyumba. Watakuwa na kapteni wao mwenye bendera, naye ataomba ruhusa kwanza. Watawaombeni mchele, vitunguu, viazi, mafuta, na mwenye uwezo kuku. Wataomba kwa Kiswahili, kwa beti. Nawe mwenye nyumba, kabla hujatoa, utajibu kwa Kiswahili, ubeti mmoja, hata mistari miwili. Kiwe cha Lamu, cha Bukavu au cha Bujumbura, vyote vinapokelewa. Jioni tunapika pilau uani na tunakula pamoja.

Ubeti wa kuombea wameshaushika. Shangazi uliyekaa karibu na mlango, nyumba yako ndiyo ya kwanza kugongewa, kwa hiyo leo tunakujaribia wewe, na jibu lako tunalitaka hapa hapa. Watoto, simameni. Kapteni, inua bendera. Moja, mbili, tatu:

Hodi hodi mwenye nyumba,
tumekuja kwa kuomba,
hata kiazi kimoja,
usiku tule pamoja.